Ndoo ya Halfani Kijiwe cha Pampu

Kijiwe cha Pampu, Mpanda mjini, hakina benchi la mbao. Watu wanakalia zege lililobaki kituo cha mafuta kilipofungwa zamani, pampu zikang'olewa. Yunusi anauza kahawa hapo, na maji anachota nyuma kidogo tu, kwenye kisima alichochimba Halfani mwaka juzi kiwe sadaka ya marehemu mama yake. Mtaa mzima unachota bure. Sasa asubuhi hiyo ya mwaka tisini na nane, mvua za El Ninyo zimekatika juzi tu, Halfani akatokea na ndoo, uso umemshuka, akaitua katikati ya watu.

– Nyie, hebu nuseni.

Gelasius, wanayemwita Redio kwa sababu hapitwi na taarifa ya habari, akainama. Juu ya maji kulikuwa na utando unang'aa rangi rangi.

– Toba! Mafuta ya taa haya!

– Nani kaangusha koroboi kisimani? Yunusi akauliza.

– Koroboi gani ichafue kisima kizima? Nimechota ndoo nne, zote hivi hivi, akasema Halfani.

Redio akachovya kipande cha gazeti kwenye ule utando, akawasha kiberiti. Moto ukashika, fuuu! Akakitupa, wote wakaruka.

– Wee! Maji yanawaka! Jamani, tumegundua mafuta! Redio akapayuka. Kuwait hii hapa! Watakuja Wazungu na mitambo yao, reli itafika mpaka Majimoto!

– Acha zako, Redio, Yunusi akamkata. Haya ni mafuta ya kiboko. Mvua hizi zimefukua viboko waliokufa kule mbugani, mafuta yao yanatembea chini kwa chini.

– Kutoka mbugani Sitalike mpaka hapa? Redio akauliza.

– Kiboko mmoja ana madebe mangapi ya mafuta, unajua wewe?

Halfani hakucheka. Alinuia kila ndoo inayochotwa, thawabu zimfikie mama yake huko aliko. Sasa zinamfikia nini?

Mzee Telesphor, wanayemwita Lita kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijaza magari mafuta pale pale enzi hizo, alikuwa akinywa kahawa yake pembeni. Akaweka kikombe chini.

– Matenki hatukuyatoa, akasema.

– Matenki gani, mzee? Halfani akauliza.

– Ya chini ya ardhi. Mawili. Siku ya kufunga bosi alisema fukieni, tenki halili ugali. Tukafukia. Moja lilikuwa na petroli bado.

– Na hukusema!

– Nilijua yameshakauka huko! Nani angewaza kutu itatoboa, mafuta yatoke yaingie kwenye maji?

Halfani akageukia kisima. Alikumbuka wachimbaji walivyoshuka haraka, udongo laini kama wa shamba lililolimwa, na yeye akamtangazia kila mtu kuwa ni baraka za mama, ardhi yenyewe imekubali.

– Mzee Lita, kwa hiyo ule udongo laini...

– Tulishauchimba sisi, mwanangu. Wewe umechimba ubavuni mwa tenki.

Yunusi akaligeukia birika lake juu ya jiko.

– Hii kahawa nimechotea huko huko, akasema kwa sauti ndogo.

– Mama yangu! Redio akatema mate. Na mimi wiki nzima nasifia tangawizi yako!

Vikombe vyote vikawekwa kwenye zege. Hapo ndipo akafika Candide, mama wa Kirundi aliyehamia mtaa ule mwezi huo kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, mtoto mgongoni, ndoo mkononi.

– Shikamoo baba Halfani. Nakuja kuchota.

– Marahaba. Usichote, mama. Maji yameingia petroli.

Candide akamvuta mtoto mbele, akamnusa mdomo. Akamnusa tena.

– Jana nimempa, akasema. Na juzi.

Halfani alishindwa kumtazama. Akaibeba ile ndoo, akainyanyua aimwage, asiione tena.

– Baba, Candide akauliza, unamwaga wapi?

Halfani akasita. Kulia kulikuwa na mchicha wa Yunusi, kushoto mtaro unaoshuka kwenye visima vya mtaa wa pili, na chini ya miguu yake udongo ule ule. Akamtazama Mzee Lita. Mzee Lita akatazama zege. Ndoo ilikuwa nzito mkononi.