Mshipi wa Japani Uliobeba Watoto wa Muyinga

Tarehe 31 Desemba 2004, Mama Kulthumu Zuberi ataweka mkasi mezani baada ya miaka ishirini na saba katika Atelye ya Ushonaji ya Magarama, hapa Gitega. Tumeambiwa tuandike kwa ufupi. Tutajitahidi, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kusema lolote kwa ufupi.

Alianza mwaka 1977 akishona vifungo, akitembea kwa miguu kutoka Yoba kila asubuhi. Akapanda hadi ukataji, kisha ualimu. Wanafunzi wake wote wanakumbuka somo moja ambalo halikuwamo katika ratiba: historia ya obi, mshipi wa wanawake wa Japani. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye picha, alichokikuta ndani ya robota la mitumba. Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha.

Alitufundisha kwamba zamani mshipi huo ulikuwa mwembamba kama utepe. Karne kwa karne ukapanuka, ukafika mita nne kwa urefu, na fundo likahama kutoka mbele hadi mgongoni. Na mgongoni, alisisitiza miaka miwili mizima, ndiko Wajapani wanakobebea watoto. Siku moja Joséphine, mfanyabiashara kutoka Uvira aliyekuja kununua sare, akatazama picha akacheka hadi akakaa chini: "Mama Kulthumu, mtoto haiko humu! Iko fundo tu, bamekunja kitambaa!" Tulimtania mwaka mzima. Alitujibu kwamba kupotea njia ndiko kujua njia, akaendelea kusoma.

Mwaka 1996, vita vikiwa vimepamba moto, alitumwa Muyinga kuongoza darasa letu la huko. Alikuta cherehani kumi na mbili na wanafunzi watatu. Akina mama waliogopa kuja na watoto: risasi zikilia, nani atangoja mtu akunje na kufunga mbeleko? Mkurugenzi wetu wa wakati ule, Bwana Barnabé, alimpa miezi mitatu. Madawati yakibaki matupu, cherehani zinarudi Gitega na darasa linafungwa.

Mama Kulthumu akafungua kile kitabu chake kwenye ukurasa wa Nagoya, huko Japani. Katika mji huo, miaka ya 1920, inasemekana mwalimu mmoja wa wasichana alichoka kuhangaika na mshipi, akaukunja nusu na kuushona kabisa ili uvalike upesi. Mama akafanya vivyo hivyo kwa mbeleko: sehemu ya kiuno ikakunjwa na kushonwa tayari, ya mgongoni ikabaki pana. Mtoto anapanda, fundo moja mbele, basi.

Bwana Barnabé alifika na lori kuchukua cherehani. Hakupata pa kukaa. Akiwa bado anashangaa, bunduki zikalia mlimani. Akina mama thelathini na mmoja walikuwa wameshafika msikitini kujificha, watoto mgongoni, kabla mkurugenzi hajaipata kofia yake. Walirudi alasiri, wote wazima. Lori likaja Gitega bila cherehani hata moja, limejaa mbeleko walizoshona, zikauzwa hadi Ryansoro. Tulishangilia mpaka majirani wakadhani kuna harusi!

Leo mzazi wa Muyinga akienda sokoni huomba "nagoya", na wengi huapa kwamba ni neno la Kirundi. Darasa lile liko wazi.

Mama Kulthumu, asante kwa mkono wako, kwa ukali wako, hata kwa kelele zako. Mungu akujalie afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wa kubeba. Na utani wetu wote tunaufuta leo, Joséphine akiwa shahidi: mtoto alikuwamo kwenye ile picha. Wewe ulimwona kwanza.