Kibwana bin Majaliwa na Mkeka wa Elementi Ishirini

Ndugu, majirani na jamaa mliofika Dunda asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 1957, kabla hatujamnyanyua kaka yangu naomba mnisikilize. Mimi ni Pazi bin Majaliwa, mdogo wake wa tumbo moja. Wazee wameniomba niandike kwa upole. Nimejaribu, na pale niliposhindwa mtanisamehe.

Marehemu Kibwana alizaliwa hapa hapa Dunda tarehe 12 Machi 1909. Baba yetu, Majaliwa bin Mwinyimvua, alifanya kazi kwenye majaruba ya chumvi mpaka nyayo zake zikapasuka. Kibwana alipokuwa mdogo alimuuliza baba chumvi imetengenezwa na nini. Baba akamjibu, "Na miguu yangu." Tulicheka sana, lakini yeye hakuridhika na jibu lile maisha yake yote.

Alikhitimu Kurani mwaka 1920, kisha akasoma shule ya serikali hapa mjini Bagamoyo kuanzia 1921 hadi 1927. Akaishia hapo, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsomesha zaidi. Februari 1929 aliajiriwa katika shule moja ya Dar es Salaam kuosha chupa za maabara. Kazi ilikuwa kuosha, lakini kusoma maandishi ya kwenye chupa hakuna aliyemkataza. Kwa miaka kumi na mmoja alisoma vitabu vya mwalimu Mzungu wa kemia saa za chakula, na chakula chenyewe mara nyingi kilipoa.

Tarehe 9 Juni 1934 alimwoa Mwaija binti Mgeni, ambaye sifa yake ya kusuka mikeka mnaijua wenyewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ashura na Saleh.

Mwezi Machi 1940 mwalimu wa kemia aliitwa vitani. Mkuu wa shule alimwambia marehemu awashikilie wanafunzi kwa muda mfupi. Muda huo ulikuwa miaka mitano, kwa mshahara ule ule wa kuosha chupa. Jedwali la elementi lililokuwa ukutani lilikuwa limeliwa na mchwa, na jingine halikuletwa. Ndipo alipomwomba mkewe amsukie mkeka: mashupatu manane, vile vipande virefu vya kushonwa pamoja, kila shupatu miraba minne na rangi yake, kila shupatu ukoo mmoja wa elementi zenye tabia za kufanana, kuanzia haidrojeni ya kwanza hadi kalisi ya ishirini.

Shemeji yangu Mwaija, aliyebaki hapa Dunda, alisuka vizuri kupita kiasi. Mkeka ulipokamilika hapakuwa na mraba hata mmoja mtupu. Zile nafasi sita kati ya haidrojeni na heliamu, na zile sita za chini baada ya kalisi, alikuwa amezijaza maua.

"Fumua, Mama Ashura," marehemu alimwambia alipokuja likizo.

"Nifumue? Nikae na mkeka wenye mapengo Dunda nzima inicheke, waseme binti Mgeni kaishiwa ukili?"

"Si mapengo. Nyumba ya kwanza ya atomu ina nafasi ya elektroni mbili tu. Haidrojeni anayo moja, heliamu anazo mbili, nyumba imejaa. Katikati yao hayupo mtu, na chini baada ya kalisi somo letu limekwisha. Ukiweka asiyekuwepo umesema uongo."

Siku tatu hawakusemezana. Siku ya nne alifumua huku akilia, akazisuka upya nafasi zile kwa ukili mweupe wa miyaa isiyotiwa rangi. Wanawake walimcheka kweli, naye akavumilia.

Juu ya mkeka huo marehemu aliwafundisha vijana kumi na wanne. Aliweka kibia, kibakuli cha udongo, chenye choroko katikati, akasema hicho ndicho kiini, chenye protoni na nyutroni ndani yake. Akawakalisha vijana kukizunguka kama elektroni: wawili mduara wa ndani, wanane mduara wa pili, na mmoja peke yake nje. Kumi na mmoja, hiyo ni sodiamu. "Huyu wa nje ndiye rahisi kuondoka," aliwaambia. "Klorini ana saba nje, amepungukiwa mmoja. Akimpokea huyu, mnapata chumvi." Kijana aliyekalishwa nje aliitwa Sadallah. Alikuwa mwerevu kuliko wote, na marehemu alimpenda kama mwanawe.

Mwaka 1944 wote kumi na wanne walifaulu kemia. Januari 1945 alikuja mkaguzi. Maombi ya marehemu ya kuandikishwa kuwa mwalimu yalikuwa mezani kwake, na alichotaka ni ushahidi mmoja tu. Alimuuliza Sadallah mbele ya darasa ni nani aliyewafundisha. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia chupa mkononi.

Sadallah akajibu, "Tulijisomea wenyewe, Bwana."

Labda aliogopa vyeti vyao vingefutwa. Labda aliona haya kusema kafundishwa na mwosha chupa. Sijui, na leo sitaki kujua. Maombi yalirudishwa wiki ile ile. Kwenye ubao wa majina ya walimu wa kemia pale shuleni, mahali pa 1940 hadi 1945 pako patupu mpaka leo. Palikuwa na mtu, nami nashuhudia.

Mwalimu mpya alipofika aliupeleka ule mkeka kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Ulipata zawadi ya pili, kisha ukarudishwa kwa marehemu pamoja na kadi. Kadi yake ninayo hapa: "Mkeka wa Bagamoyo. Kasoro: umeachwa bila kumalizika juu na chini." Marehemu aliisoma, akacheka, kisha akakaa chini. Mimi nilimwambia aachane na mambo hayo. Najuta, kwa kuwa ningeweza kwenda naye kudai, na sikwenda.

Aliendelea kuosha chupa miaka minane. Mivuke ya asidi ilimwingia kifuani katika chumba kisicho na dirisha, akaanza kukohoa mwaka 1951, akaachishwa kazi 1953. Alifariki jana, Ijumaa, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ashura. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Ameacha mjane, Mwaija binti Mgeni, watoto wawili, wajukuu watatu, nami ndugu yake. Ameacha pia wanafunzi kumi na wanne, ambao kati yao amefika mmoja. Nimeliona gari lake. Karibu, Dakta Sadallah.

Kiunza, ubao wa kumfunika marehemu kaburini, kikishawekwa tutatandaza juu yake mkeka, mchanga usimfikie. Mjane ameamua uwe ule ule wa elementi. Tulipomwambia ni hasara kuuzika alisema, "Waliuona una kasoro. Uende na mwenyewe."

Watashika watu wanne. Pembe tatu ni zetu wenye nyumba. Ya nne ni ile ya haidrojeni, nayo nimemwekea Dakta Sadallah. Hatutamwonyesha ni ipi. Akiijua, na awaambie watu pale kaburini nani alimfundisha.

Mola amrehemu Mwalimu Kibwana, ampe pumziko alilonyimwa hapa.