Walii wa Samsam

ABDIMALIK: Haloo? Haloo! Nani huyo? Sema kwa nguvu, laini mbaya!

MUMBUA: Haloo! Hapo ni dukani kwa Abdimalik, Waberi, Garissa? Mimi ni Sista Mumbua wa kliniki ya akili, Nairobi. Opereta amenizungusha tangu asubuhi. Namtafuta Jelle —

ABDIMALIK: Ah, sista! Karibu, karibu. Habari ya huko? Watoto wazima? Mimi ndiyo Abdimalik, ndugu yake.

MUMBUA: Wazima, asante. Ndugu, Jelle hajaja kuchukua dawa zake, huu ni mwezi wa pili. Na hakuwa mtu wa kukosa. Yuko wapi?

ABDIMALIK: Yuko. Hapa nyuma, stoo.

MUMBUA: Basi niitie, niongee naye.

ABDIMALIK: [anacheka] Mkono yake haifiki simu, sista. Tumemfunga kidogo.

MUMBUA: Mme— mmemfunga?

ABDIMALIK: Kamba ya ngamia tu. Juzi tulikuwa na kikao, akarushia shehe birika ya chai moto. Mbele ya wazee! Wallahi, aibu ile sijaona.

MUMBUA: [laini inakwaruza] ...vidonge vyake? Haloo? Nasema vidonge viko wapi?

ABDIMALIK: Fidonge alitupa chooni. Yeye mwenyewe, kwa mkono yake. Mimi sikumgusa.

MUMBUA: Lakini kwa nini? Mwili ulimtetemeka? Ulimi ulikuwa mzito? Wengi huachia hapo, au wakijiona wamepona wana—

ABDIMALIK: Hapana, hiyo yote alifumilia. Aliacha kwa sababu ya walii.

MUMBUA: Wali? Wali umemfanya nini? Dawa zile hazina mwiko wa chakula!

ABDIMALIK: [anacheka sana] Si wali ya sahani, sista! Walii! Mtu ya kuozesha msichana. Baba yetu alikufa. Jelle na Samsam ni mama moja, mimi mama ingine. Kwa hiyo walii wa Samsam ni Jelle. Bila yeye kukubali, hakuna nikaha.

MUMBUA: Sawa. Sasa vidonge vinaingiaje hapo?

ABDIMALIK: Mwendawazimu hawezi kuwa walii. Dini imesema.

MUMBUA: Jelle akinywa dawa ana akili kunishinda mimi!

ABDIMALIK: Sasa mtu mzima anakunywa dawa ya wazimu ya nini? Nilimuuliza hivyo tu. Nikamwambia, kama ndugu: siku shehe ataona hiyo chupa yako, umekwisha, dada yako ataozeshwa na mtu mwingine.

MUMBUA: Mwingine nani?

ABDIMALIK: Akatupa siku hiyo hiyo. Anampenda sana Samsam.

MUMBUA: Abdimalik. Mwingine nani?

ABDIMALIK: Baada ya Jelle? Mimi. Baada ya ile birika, shehe amesema Jelle si walii tena.

MUMBUA: Ulimchimbia ndugu yako shimo!

ABDIMALIK: Mimi? Nilimwonyesha dini.

[laini inakwaruza]

ABDIMALIK: Haloo? Sista? Uko?

MUMBUA: Niko. Sikiliza, tuyaache hayo. Iko sindano. Hapo Garissa ipo, nitampigia daktari sasa hivi. Vidonge vingechukua wiki nyingi, lakini kwa sindano, siku mbili tatu huenda akaketi na watu akazungumza nao vizuri.

ABDIMALIK: Siku mbili tatu? Haraka hivyo?

MUMBUA: Haraka. Mpeleke leo, tafadhali.

ABDIMALIK: Nitampeleka, inshallah. Jumamosi.

MUMBUA: Leo ni Jumatatu! Jumamosi ya nini?

ABDIMALIK: Ijumaa tuna nikaha ya Samsam. Mzee Kerrow anakuja kutoka Lafey na watu wake. Mzee ya heshima, wake wawili, ngamia mingi.

MUMBUA: Mzee? Na Jelle alisemaje juu ya huyo Kerrow, alipokuwa na akili zake?

ABDIMALIK: Alikataa. Nikarudi, akakataa tena. Kichwa ngumu kama —

MUMBUA: Mungu wangu. Ndiyo maana... Na Samsam mwenyewe je?

ABDIMALIK: Ataulizwa siku hiyo. Msichana bikira akiulizwa, akinyamaza, amekubali. Hivyo ndiyo kwetu.

MUMBUA: Hapo nyuma yako kuna mtu analia.

ABDIMALIK: Jelle huyo.

MUMBUA: Hiyo ni sauti ya mwanamke! Hajanyamaza, Abdimalik! Namsikia mpaka huku Nairobi!

ABDIMALIK: Leo ni Jumatatu, sista. Ikifika Ijumaa, atanyamaza. Haya, kuna mteja hapa. Salimia watoto.

MUMBUA: Mpe simu! Mpe simu niongee na— haloo? Haloo?