Rangi ya Ombi la Wauza Ndizi

Benchi la njia panda ya Lusahunga ni ubao uliong'olewa kwenye bodi la lori, na liliwekwa mbele ya jiko langu la kahawa bila mimi kuulizwa. Naitwa Fideli. Nawauzia kahawa watu wanaokunywa kikombe kimoja na kuongea birika zima. Alasiri hiyo walinijazia benchi kama kawaida yao, safari hii wamemzunguka Wiston, katibu wa umoja wa wauza ndizi na mahindi ya kuchoma, aliyekaa na kompyuta magotini, shingo imemkakamaa kama mtu anayekwenda kuposa.

Shida yenyewe ilikuwa ya kweli, hapo sibishi. Wamama wanaowauzia madereva wa malori ya mpakani Rusumo walikuwa wameambiwa wahame barabarani, wahamie soko jipya nyuma ya kilima, mahali ambapo hata lori lililopotea halipiti. Kesho yake asubuhi walikuwa wasikilizwe Biharamulo, kwenye kikao cha halmashauri. Afisa mmoja mwenye huruma alimdokeza Wiston kwamba wajumbe wanachoka haraka, kwa hiyo ombi alitie kwenye kisanduku katikati ya slaidi itakayoonyeshwa ukutani, na kisanduku akipe rangi ya nyuma inayovuta jicho. Maneno alikuwa nayo. Wamama waligombana wiki nzima, huyu anataka tubaki, yule anataka tupewe kipande karibu na mizani ya malori, mpaka wakakubaliana sentensi moja. Mama Clotilda akaitamka, Wiston akaichapa. Ilibaki rangi tu.

— Tia nyekundu, nikasema mimi, nikidhani nasaidia. Nyekundu inaamsha hata aliyesinzia.

Emilian akaweka kikombe chini. Huyu tunamwita Chesisi, maana alikuwa utingo wa malori miaka mingi na mgongo umekataa kunyooka. Tena yeye rangi anaiita langi, na sisi tumeshazoea.

— Fideli, wewe una akili kweli? Nyumba ya kaka yangu iliwekewa X ya langi gani?

— Nyekundu.

— Na iko wapi?

Haipo. Pamebaki msingi, na mbuzi wanapanda juu. Chesisi akaeleza kwamba mkubwa akiona nyekundu karibu na neno barabara, mkono wake wenyewe unaagiza katapila, hata kabla hajasoma. Mchagua jembe si mkulima, akamalizia. Nikamuuliza methali hiyo imeingiaje hapo. Akasema imeingia kwa mguu.

Hapo ndipo Telesfori akajongea. Anatengeneza simu na sola, jina lake ni Profesa Betri, na shule aliiacha mapema ili isimcheleweshe.

— Maandishi yanaziba, akasema. Huwezi kupima rangi wakati maneno yamekaa juu yake. Yatoe kwanza.

Wiston akayafuta. Kisha akasevu, maana alifundishwa kusevu kila akigusa kitu.

Wakajaribu kijani. Chesisi akakubali kwamba X ya kijani ndiyo ya watu wanaolipwa fidia, kwa hiyo ni rangi yenye baraka. Profesa akakataa katakata. Kijani, alisema, ni rangi ya chama, nusu ya ukumbi watapiga makofi kabla ya kusoma, nusu watanuna, na Wiston ataulizwa anagombea nini. Njano nayo ikafia njiani, kwa sababu Profesa alishamwona mwenyekiti wa kikao amevaa jezi ya Simba, na mtu wa Simba hawezi kusaini kitu chenye njano ya Yanga mpira ukiwa unakaribia.

— Basi bluu, akasema Wiston, sauti imeanza kuchoka. Bluu haina ugomvi na mtu.

Iradukunda, fundi baiskeli, alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Ni mtu mpole, amelelewa kambi ya wakimbizi ya Lukole, na akiongea watu husikiliza.

— Mimi bluu hapana, akasema. Nimekua chini ya turubai la bluu. Mpaka leo nikiona bluu nasikia njaa, halafu natafuta foleni iko wapi.

Niliona uchungu, nikamwongezea kahawa bila kudai chochote, jambo ambalo si tabia yangu. Wiston akaifuta bluu.

Nyeupe ilikataliwa kwa sababu ya sanda. Nyeusi aliipinga Profesa kisayansi: kitu cheusi kinavuta joto, ndiyo maana sola ni nyeusi, sasa kisanduku cheusi kikipigwa na mwanga wa projekta kitachemka, na ukuta wa halmashauri ukiungua wamama watalipa kwa ndizi gani? Chesisi akaitikia kwa kichwa, akasema usione vyaelea, vimeundwa. Wakati huo kompyuta ikazima. Profesa akaichomeka kwenye betri ya sola aliyokuwa anamtengenezea mteja, ikawaka, kisanduku kikarudi kilekile, nasi tukafurahi kama wajinga.

Ni Chesisi aliyeleta zambarau.

— Padre anavaa nini Kwaresima?

— Zambarau.

— Na watu wanafanyaje wakiiona?

— Wanatubu, akasema Iradukunda polepole.

— Basi. Wajumbe wataiona, mioyo italainika, kila mmoja atakumbuka alichomfanyia mwenzake. Atakayekataa ombi hapo, huyo ana lake na Mungu.

Profesa akauliza je, wajumbe Waislamu? Chesisi akajibu kwamba dhambi haina dhehebu. Kusema kweli niliona fahari. Wiston akakoleza zambarau kidogo, akaipunguza kidogo, akazungusha pembe za kisanduku, akainua kompyuta tuione. Ilipendeza. Hata mimi niliacha jiko, nikaja kusimama nyuma yake.

Mama Clotilda akatokea ng'ambo ya barabara na beseni lake la ndizi kichwani. Hajawahi kukaa benchi letu, anasema lina uvivu.

— Shikamoo mama, tukasema.

— Marahaba wanangu.

Akatua beseni. Akasema wenzake wamemchagua yeye asimame kesho, na usiku huo hatalala, kwa sababu akikosea neno moja wale wa tubaki watasema amewauza, na wale wa mizani watasema hivyohivyo. Alitaka kulikariri ombi kama lilivyoandikwa.

— Hebu nisomee, Wiston. Tulisemaje?

Wiston akatazama kioo. Zambarau ikamtazama. Akabonyeza kitu, akabonyeza kingine, jasho likamtoka puani. Akamgeukia Profesa, Profesa akamgeukia Chesisi, Chesisi akanisogezea kikombe chake. Nikainamisha birika, likatoka tope.

— Lakini rangi imekaa vizuri, akasema Profesa.

Lori la Rusumo likafunga breki pale njia panda. Wamama wakalikimbilia na mabeseni, wakawa wanaita, Clotilda, wewe Clotilda, njoo, huyu ananunua mikungu. Hakugeuka. Alibaki amesimama mbele ya benchi letu, mikono ameiweka kiunoni, akisubiri asomewe.