Mpira Mweupe na Mpira wa Njano

Marehemu, ambaye uwanjani alijulikana kwa jina la utani la Polepole, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, akiwa kitinda mimba wa fundi bomba.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaanza kubeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu uliopakana na shule yao. Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa kocha. Mipigo mirefu ya wenye misuli aliwaachia wenzake, yeye akashika mipigo mifupi ya kando ya grini, pale penye nyasi laini na shimo. Alifundisha kuegemea mguu wa mbele, kutuliza viganja, kuchagua mahali mpira utakapoangukia, kisha kuuacha ujiviringishe wenyewe. Mwanafunzi mmoja alimuuliza, "Kocha, niongeze nguvu?"

"Za nini, mwanangu? Shimo lipo palepale, halina safari."

Mwaka 1979 alimwoa mfuaji nguo wa klabu hiyo, aliyemwambia, "Hiki kimchezo chenu hata mimi nakiweza," na kweli akakiweza. Jioni, wachezaji wakishaondoka, walishindana kwenye grini ya mwisho: mpira mweupe wa mume, wa njano wa mke. Ambaye mpira wake ulibaki mbali na shimo ndiye aliyepika. Walijaliwa binti mmoja.

Mkewe alifariki mwaka 2011. Binti alikuwa ameolewa mbali, na nyumba ikawa kimya hata saa ya sebuleni ikasikika jikoni. Hata hivyo, kila jioni marehemu alikwenda na mipira yote miwili. Alipiga wa njano kwanza, halafu mweupe, kisha akarudi kupika chakula cha mtu mmoja, maana siku zote mweupe ndio uliobaki mbali.

Mwaka 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Alitamani jambo moja tu, kuipiga tena ile mipira. Binti alirudi, akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi grini ya mwisho. Kwa mkono wa kushoto aliupiga wa njano. Ukaanguka alipopataka, ukatambaa, ukasimama kando ya shimo. Binti akamwekea mweupe.

"Huo uache," alisema. "Mama yako ameshashinda. Twende nikapike."

"Utapika kwa mkono gani, baba?"

"Wewe utanishikia sufuria."

Alifariki usingizini tarehe 19 Juni 2024. Ameacha dada, binti, mkwe na mjukuu mmoja. Leo analazwa kando ya mkewe, mipira yote miwili ikiwa mfukoni mwake. Alale kwa amani. Zamu ya kupika bado ni yake.