Daktari Aliyekataa Kutibu Mioyo Mizima

Marehemu Dk. Anastacio Jalbuena alizaliwa tarehe 2 Novemba 1943, porini juu ya Miagao, kisiwani Panay, siku askari wa Kijapani walipochoma nyumba za kijijini kwao. Mama yake aliuma kitambaa asisikike.

Alisoma Miagao na Iloilo, akahitimu udaktari Manila mwaka 1969. Chuoni alicheza ndondi, akavunjwa taya. Mwaka 1972 alimwoa Consorcia Tupas, muuguzi. Harusini alimtwanga mlevi aliyemshika bibi harusi kiuno, kisha akamshona mdomo yeye mwenyewe, pembeni ya nguruwe wa kuchoma.

Alitibu moyo Iloilo. Kama wenzake, aliandikia watu dawa za kushusha kolesteroli, mpaka alipoona wazee ambao moyo haukuwahi kuwasumbua wakilia kwa maumivu ya misuli. Akatangaza kwamba wazima wanamezeshwa dawa bila sababu. Mkutanoni Bacolod, Julai 2006, shemeji yake, Dk. Policarpio Tupas, alimpandia jukwaani.

"Shemeji, utaua watu!"

"Na wewe unawalemaza wazima!"

Policarpio alimpiga kipaza sauti mdomoni. Meno mawili yakatoka. Marehemu akamvunja pua kwa kichwa.

Mwaka 2011 mchinjaji mmoja aliyewahi kupata shambulio la moyo alimsikia redioni, akatupa vidonge vyake, akafa. Mwanawe alivamia kliniki na panga. "Baba alikuamini!" Alimkata marehemu mkono hadi mfupani.

Marehemu hakumshtaki. Alirudi redioni na bandeji: "Niliwasemea wazima. Ukishaugua moyo, meza dawa yako. Mtu amekufa kwa sababu sikulisema hilo kwa nguvu."

Februari 2019 moyo wake mwenyewe ulimwangusha. Policarpio ndiye aliyemtibu.

"Meza, mkaidi wewe."

"Nameza, mimi sasa ni mgonjwa. Lakini ukimwandikia dada yako vidonge hivi, naye ni mzima, nashuka kitandani nikuvunje tena."

"Nilimwachisha zamani," Policarpio alisema, akitazama dirishani.

Marehemu alicheka mpaka mashine ikapiga kelele.

Tarehe 19, asubuhi, moyo ulisimama. Policarpio alimkandamiza kifua mpaka mbavu zikavunjika, akaendelea tu, hadi Consorcia alipomshika mabega: "Kaka, basi. Mwache."

Ameacha mjane, Consorcia, watoto wake Lourdes na Nestor, wajukuu watano, na Policarpio, ambaye tangu siku ile hajagusa chakula.

Alipigana vya kutosha. Mungu amlaze pasipo na ugomvi.