Alhamisi Alizougua Mama Mkwe

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Fundi wetu wa mashine za kufulia anastaafu leo, Jumatano, tarehe 30 Juni. Aliingia hospitalini akiwa kibarua wa kusukuma vitoroli vya mashuka. Anaondoka akiwa mtu pekee anayejua kwa nini mashine ya tatu hugoma mpaka ipigwe teke ubavuni.

Ni mtu wa haya. Akisifiwa, hutafuta spana hata kama anayo mkononi. Alituomba tusiguse kabisa habari ya Alhamisi. Tumembembeleza, akakubali kwa sharti moja: isomwe akiwa ameangalia chini.

Kwa muda mrefu, kila Alhamisi aliomba ruhusa aondoke mapema kumuuguza mama mkwe. Tulimhurumia sana. Siku moja tukanunua machungwa, tukaenda kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa alitufungulia mlango mwenyewe, rimoti mkononi, akatuuliza ni nani anaumwa. Nyuma yake, kwenye kochi, Fundi alikuwa ameikodolea macho tamthilia ya chombo kinachosafiri anga za mbali. Kwa aibu, akatukaribisha kwenye viti ambavyo havikuwepo.

Tulikaa sakafuni tukala machungwa yetu wenyewe. Chombo kilikuwa kimezimika katikati ya nyota, na nahodha, badala ya kufoka, akashuka chini kumsikiliza fundi wa injini. Hapo tukaelewa kilichomvuta. Kwetu, watu hushuka chumba cha kufulia pale tu mashuka yanapoisha, na hushuka wakifoka. Tulitaka kuaga, lakini hakuna aliyeinuka kabla injini haijawaka.

Tangu siku hiyo hakuomba ruhusa tena. Mkuu wa kitengo alimwambia waziwazi aendelee kuondoka mapema kila Alhamisi. Akajibu kwamba mashine zina kazi. Tulipomwita Nahodha koridoni aliinamisha kichwa, nasi tukadhani utani umemkolea. Juzi mama mkwe alitueleza kwamba Fundi aliacha kwenda kwa aibu, lakini yeye mwenyewe hakuona aibu hata kidogo. Kilichomuuma ni kutazama peke yake, bila mtu wa kumweleza injini imeharibika nini.

Fundi, ahsante kwa kila shuka kavu lililomfikia mgonjwa. Tunakutakia mapumziko mema, na inua kichwa sasa, tumemaliza kusoma. Mama mkwe anakukumbusha kwamba kesho ni Alhamisi, kipindi kinaanza saa kumi jioni, na safari hii haitamlazimu kuugua.